Damu ya Ijumaa

Ijumaa hiyo Zaituni alifika kabla yangu. Nilimkuta kwenye benchi la barazani, mkono wa gauni ameshaupandisha juu ya kiwiko, na sindano bado iko kabatini. Aliniamkia, na kabla sijapata funguo mkobani akauliza lile swali lake la kila wiki: leo mtoto anafanya nini?

Mimi si mtu wa kubembeleza. Miaka kumi na tisa katika Nyumba ya Mitungi ya Mkongeni imenikausha, na wenzangu husema nyuma ya mgongo wangu kwamba ningefaa zaidi magereza. Lakini swali hilo nililijibu kila Ijumaa, tena kwa raha. Nilimwambia siku moyo ulipoanza kudunda, wakati mtoto hajapata hata uso. Nilimwambia wiki ya nane vidole vilipoachana, wiki ya kumi na mbili kucha zilipochipua, wiki ya ishirini alipoanza kulala na kuamka. Leo ilikuwa wiki ya ishirini na tisa. Nikamwambia macho yanafumbuka, na kwamba anajizoeza kupumua: anavuta maji ya mtungi na kuyatoa, ingawa mapafu yake bado hayaiwezi hewa.

"Kwa hiyo ananiona," alisema.

"Anaona mwanga tu. Wewe na taa ni mamoja kwake."

Alicheka mpaka bega likatikisika na nikashindwa kupata mshipa. Zaituni alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Kwa mume wake wa kwanza aliharibikiwa na mimba tatu, zote wiki ya tisa, kama wanawake wote wa nchi hii tangu matumbo yetu yalipoacha kushika mimba na wataalamu wakashindwa kukubaliana ni maji, ni joto au ni kitu gani. Mume naye akaenda zake. Zamu yake ya kupata mtungi wa kulelea mimba ilipofika alikuwa ameolewa tena na Mhina, mpima mashamba, mtu mpole asiyejua kukaa hospitalini bila kutokwa jasho. Ndiyo maana kila Ijumaa alikuja peke yake.

Nilimtoa kikombe kimoja cha damu, nikakimimina kwenye njia ya mtungi. Mtungi wenyewe una kimo cha pipa dogo, kioo kitupu, na chini yake limelala kondo bandia, sahani ya nyama laini tuliyoiotesha kutokana na chembe za nje za kiinitete chenyewe. Kiwanda cha mitungi kinatengeneza chakula, kinatengeneza hewa, lakini kuna vitu ndani ya damu ya mama ambavyo mpaka leo hakuna aliyeviweza. Kondo linavitaka mara moja kwa wiki. Tena halichukui damu ya yeyote. Linakubali ya mama au ya ndugu wa damu wa karibu. Ya mtu baki inaganda humo ndani. Hayo nawaambia akina mama wote siku ya kwanza, maana huwafanya waje hata mvua ikinyesha.

Zaituni alibandika kiganja kwenye kanga iliyofunika mtungi, akaaga, akaenda kazini kwake.

*

Saa sita mchana mapigo ya moyo wa mtoto yalipanda mpaka mia na tisini, kisha yakaanza kuyumba, juu, chini, juu, chini, bila mpangilio wa kiumbe anayejiendesha mwenyewe. Nilifungua daftari. Nilirudi nyuma wiki kumi na tano, na aibu ikanishika, kwa sababu jambo lilikuwa limekaa wazi kwenye mwandiko wangu mwenyewe. Kila Ijumaa mchana mtoto alizidiwa. Jumatano akapata nafuu. Ijumaa tena akazidiwa, na kila nafuu ilikuwa ndogo kuliko iliyotangulia.

Nikaifungua kanga. Kwetu haifanywi hivyo bila sababu, mtoto hatazamwi kabla ya siku yake. Tumbo lake lilikuwa limevimba maji na ngozi imekosa rangi kabisa. Nilichukua tone moja kwenye kitovu, nikalipima. Nikalipima mara ya pili, nikabadilisha kipimo, nikalipima mara ya tatu.

Damu ya mtoto ilikuwa chanya.

Niliseme kwa kifupi jambo hili, maana lote limo hapo. Chembe nyekundu za watu wengi zina alama fulani, na hao tunawaita chanya. Wachache hawana, nao ni hasi. Zaituni ni hasi na Mhina ni hasi, na wazazi wawili hasi hawazai mtoto chanya. Tena zile mimba tatu za mume wa kwanza, aliyekuwa chanya, ziliifundisha damu ya Zaituni kuichukia alama hiyo na kuivunja popote inapokutana nayo. Tulilijua hilo tangu mwanzo, nami niliandika kwa mkono wangu kwamba halina madhara, kwa kuwa mtoto wake hasi hana alama ya kuvunjwa. Sasa alikuwepo mtoto mwenye alama, na kila Ijumaa nilikuwa nikimnywesha kikombe kizima cha damu inayomvunja.

Nilikaa chini, sakafuni, na koti langu jeupe. Kwa sababu nilijua mtoto huyu ni wa nani.

*

Mitungi ilikuja kutoka kiwandani na vibao vya namba. Wanawake wa Mkongeni hawakuvitaka. Mtoto ambaye hajazaliwa hapewi namba, walisema, na kila tulipobandika wao walibandua. Mwishowe tukakubaliana bila kuandikiana popote: namba ikae ndani ya kumbukumbu ya mtungi, na kwa nje kila mama alete upande mmoja wa doti yake ya kanga afunike mtoto wake, upande wa pili abaki nao nyumbani. Tukazoea. Tulitembea kati ya mitungi na kuita kwa kanga, ile ya maua mekundu, ile ya majani, na hatukukosea hata siku moja kwa miaka.

Halafu ikaja arusi ya mdogo wake Zaituni. Familia nzima ikakata sare, kanga ya zambarau yenye korosho nyeupe. Zaituni akaleta upande wake. Wiki hiyo hiyo wifi yake, Mwantumu, mke wa kaka yake, akaleta upande wake. Mitungi miwili katika chumba kimoja, viinitete viwili nilivyovitungisha mwenyewe juma moja, wote wa kike, wote wiki ya kumi na nne, kila mmoja ukubwa wa limau, chini ya kanga zilizotoka kwenye robota moja.

Jumatatu moja umeme ulikatika saa tano asubuhi. Tulibeba mitungi kumi na miwili kwa mikono hadi chumba cha jenereta, maji yakamwagika, kanga zikalowa, nikazivua zote na kuzianika. Umeme uliporudi ulirudi kwa kishindo na kufuta kumbukumbu za mitungi yote. Kanga zilipokauka nilianza kuzifunga, na mkononi zikanibaki mbili za zambarau na mitungi miwili isiyo na nguo.

Nilikisia. Sijawahi kumwambia mtu hilo. Ningeweza kupima tone moja kutoka kila mtungi, robo saa tu, lakini kupima ilikuwa ni kukubali mbele ya wakubwa kwamba tulikuwa tukiwatambua watoto wa watu kwa vitambaa. Nikafunga huyu, nikafunga na huyu, nikaandikisha upya.

Jumatano Mwantumu alikuja kutoa damu. Alhamisi kondo la mtungi wake likaganda na mtoto akafa. Niliandika: sababu haijulikani. Hapo ndipo ningejua kama ningetaka kujua, maana mwenyewe ndiye ninayewaambia akina mama damu ya mtu baki inafanya nini. Yule hakuwa mtoto wa Mwantumu. Alikuwa wa Zaituni, na Mwantumu si ndugu yake wa damu. Na yule wa Mwantumu alibaki upande wa pili, akinyweshwa damu ya shangazi yake. Kwa kuwa shangazi ni wa karibu haikuganda. Ikaanza kumuua polepole.

*

Kuna dawa moja tu: kuosha mtungi, yaani kuitoa damu mbaya na kuingiza ya mama halisi, moja kwa moja kutoka mshipani, mpaka ile sumu ipungue. Nilihesabu saa. Mtoto asingeuvuka mchana wa Jumamosi.

Nikafikiri kitu cha aibu, na nilikifikiri haraka kuliko ninavyofikiri mambo mema. Kwamba ningemwomba Mwantumu amsaidie mtoto wa wifi yake. Angekuja, angetoa damu, mtoto angepona, Zaituni angekuwa na mtoto aliyemsubiri nusu ya maisha yake, na Mwantumu alikuwa ameshamlilia wa kwake. Kijana bado, miaka ishirini na sita. Nilijiambia hayo njia nzima kuelekea kiwanda cha katani.

Nilimkuta kwenye mashine ya kusugua nyuzi, amepungua, mifupa ya shingo imetokeza. Tangu siku ile alikuwa hapiti kwenye uzio wetu. Alizunguka kupitia barabara ya juu, dakika ishirini zaidi, kwenda na kurudi. Aliizima mashine akanisikiliza. Nilipomaliza alichambua uzi uliomkwama kidoleni.

"Bi Semeni, wangu alikufa na damu yangu ndani yake," alisema. "Huyu wa wifi unataka nimpe hiyo hiyo?"

"Damu yako haina kosa."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Katika yote niliyomwambia siku hiyo, hilo peke yake lilikuwa kweli. Akanitazama sana, kisha akasema atakuja saa moja asubuhi, na kama itahitajika yote basi nichukue yote, kwa sababu wifi yake ameteseka vya kutosha. Alisema hivyo bila kulia. Mimi ndiye niliyegeuka nikajifanya nasoma tangazo la ukutani.

*

Jumamosi saa moja na nusu Mwantumu alikuwa amelala kitandani kando ya mtungi, sindano mshipani, mpira umenyooka kutoka mkononi mwake hadi kwenye mlango wa kioo, kibano kimefungwa. Kilichobaki ni kufuli. Njia kuu ya mtungi haifunguki ila kwa kidole cha mama aliyeandikishwa, na aliyeandikishwa ni Zaituni.

Alikuja mbio, kanga ya kichwa imemwangukia mabegani. Nilimzuia ukumbini na kumweleza kwamba mtoto amepungukiwa damu, kwamba yake mwenyewe haimfai kwa sasa, na kwamba wifi yake amejitolea. Nilisema kwa sauti yangu ile ya kazini. Niliona akinisikiliza, na niliona mahali alipoacha kunisikiliza.

"Wewe ndiye uliyeniambia damu ya mtu baki inaganda," alisema.

"Kuna hali nyingine..."

"Wifi ni mke wa kaka yangu. Mwenye damu moja na mimi ni kaka. Mbona hukumwita kaka?"

Nilikuwa nimekaa macho nikiupanga uongo huo, na sikuliona tundu ambalo mtu yeyote anayejua ndugu zake angeliona.

"Bi Semeni," alisema taratibu, "kwa nini damu ya Mwantumu imfae mwanangu kuliko ya kwangu?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, umeme, kanga kuanikwa, zile mbili zilizonibaki mkononi, kukisia, Jumatano, Alhamisi. Nilimwambia kikombe chake cha kila Ijumaa kilimfanya nini mtoto. Nilitamani anipige. Alisimama tu akiwa ameshika ukuta, na midomo yake ilikuwa ikihesabu kitu, nadhani wiki.

Na hata hapo sikunyamaza. Nasema hili ili nisijipambe. Nilimsogelea nikamnong'oneza kwamba yeye ndiye mama kwenye karatasi, kwamba Mwantumu hajui lolote, kwamba aweke kidole tu, baada ya wiki nane nitamkabidhi mtoto na siri nitaingia nayo kaburini. Sijui nilitaka kumpa zawadi au nilitaka kujiokoa na jela. Vyote viwili, nafikiri.

"Asipopata damu hii?" aliuliza.

"Hafiki mchana."

Akanipita akaingia chumbani. Mwantumu alimtabasamia kutoka kitandani na kumwambia wifi usiogope, mimi siogopi. Zaituni aliweka kidole kwenye kufuli, taa ikawaka kijani, nami nikafungua kibano, damu ikapita kwenye mpira ikaingia kwenye kioo.

Tulisubiri. Dakika tano mapigo yaliyumba vile vile. Dakika kumi, vile vile. Zaituni hakutazama saa ya mapigo. Alimtazama mtoto, kwa kuwa kanga niliiacha wazi. Kwenye dakika ya kumi na saba mapigo yakashuka mpaka mia na sabini, yakatulia kidogo, yakashuka tena. Mguu mmoja mdogo ulijikunja ukasukuma maji. Nikashika reli ya kitanda.

Zaituni akavuta kigoda akakaa karibu na kichwa cha wifi yake. Nilidhani atakaa kimya. Ile siri nilikuwa nimeshaiweka mkononi mwake, na kimya kingetosha. Alihitaji tu kukaa hivyo hivyo kwa wiki nane.

"Wifi," alisema, "yule mtoto mlimzika wapi?"

Mwantumu alishangaa. Alijibu kwamba nyuma ya jiko, ubavuni mwa ukuta, kwani Zaituni si alikuwepo? Hakuswaliwa kwa kuwa hakutimiza miezi minne, wala hakupewa jina, lakini wanawake walikuja, na Zaituni ndiye aliyepika uji.

"Nilikuwepo. Niliondoka kabla hamjafukia. Ilikuwa Ijumaa, nikakimbilia huku kutoa damu."

"Basi, wifi. Hukukosea. Mtoto wako alikuwa anakungoja."

"Nipeleke unionyeshe. Nataka nikamlilie," Zaituni alisema. "Siku ile nilimlilia kama wako. Sikujua ni wangu."

Mwantumu alinitazama mimi, na sijui aliona nini usoni kwangu, lakini sikuinamisha kichwa. Akatazama mkono wake. Akaufuata mpira kwa macho, kidogo kidogo, mpaka ulipoingia kwenye kioo, mpaka kwenye kile kitovu, na akabaki amemkazia macho mtoto, naye mtoto macho yamefumbuka, akiona mwanga tu.

Niliogopa angeng'oa sindano, nikanyoosha mkono kumzuia. Hakuing'oa. Alianza kukunja ngumi na kuikunjua, kukunja na kukunjua, kwa nguvu, haraka, ili damu iende zaidi. Hakuna aliyemwelekeza. Na mkono wake wa pili ulikuwa umeshamkamata Zaituni shingoni, umemvuta mpaka uso wake ukalala kifuani pake, na Zaituni alikuwa analia sasa, kwa sauti, kilio cha msibani, karibu miezi minne baadaye.